Uwanja wa nyuma Chikongola: kabla fundi hajamwaga zege

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma na nalijibu kwa kirefu, maana shida yako ni ya nyumba nyingi hapa Mtwara, na Lindi mjini nako hivyohivyo. Kwa wenzetu ambao hawakuliona: dada ana uwanja wa nyuma huko Chikongola, mita 5 kwa 4, mchanga mtupu, ukuta wa jirani pande mbili na jua kali kuanzia asubuhi. Anataka mboga, kivuli kidogo na pa kukaa jioni. Fundi kamwambia suluhisho ni zege uwanja mzima, juu yake wajenge vitalu vya bloku, na mbele ya mlango watandike pevingi. Yeye amesikia habari za ujenzi wa hewa ukaa kidogo, yaani usiotoa sana ile gesi inayoongeza joto la dunia, na hapo nyumbani ana rundo la vifusi vya jiko la nje walilolibomoa, mlango wa zamani, mabati machakavu, mapipa mawili na nyavu alizoacha mzee. Anauliza hivyo vitu vinaweza kuwa bustani ya maana bila kuonekana jalala, na vipi kati yake vina sumu.

Vinaweza, na vingi unavyo tayari. Ila nianze na fundi maana yeye ndo anakusubiri na chepe mkononi.

Tupige hesabu. Mita 5 kwa 4 ni mita za mraba 20, ukimwaga zege la unene wa sentimita 10 hizo ni mita za ujazo 2. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) unakula mifuko 6 mpaka 7 ya simenti kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo 13 hivi, na hapo hatujagusa vitalu wala pevingi. Kila mfuko wa kilo 50 ulipotengenezwa ulitoa hewa ukaa kama kilo 30 mpaka 45, inategemea ndani yake kuna klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa tanurini, kiasi gani. Yaani hujapanda hata shina moja la mchicha na ushapeleka angani kilo 400 mpaka karibu 600. Najua utaniambia aah, kiwanda cha Dangote si kiko hapahapa Mtwara, simenti haijasafiri, tatizo liko wapi. Tatizo haliko kwenye lori. Simenti inaanzia kwenye mawe ya chokaa, na yakiingia kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 jiwe lenyewe linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya yote inayotoka. Tanuri uliwashe kwa makaa ya mawe au kwa gesi ya Mnazi Bay, ile ya kwenye jiwe itatoka tu. Ndo maana simenti dunia nzima inabeba kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Hiyo ni hesabu ya dunia, sasa hesabu ya kwako. Zege linashika joto mchana kutwa na kulirudisha usiku dirishani kwako. Na mvua zetu hizi za Desemba mpaka Aprili haziji kwa adabu: ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, na inanyesha, kwenye mita zako 20 ni lita 1,000 za maji ambazo haziwezi kuzama popote, zitaingia kwa jirani au zitarudi jikoni kwako. Mchanga wako unayanywa hayo yote bila hata dimbwi. Kwa hiyo ule mchanga unaoulalamikia ndo mfereji bora ulionao, usiufunike.

Sasa mpangilio. Jambo la kwanza ni jua, na hapa watu wanakosea kwa sababu wanaangalia picha za bustani za Ulaya. Sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi 10 hivi, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Februari mpaka karibu mwisho wa Oktoba jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini. Kama mmoja wa hizo kuta za jirani uko kaskazini kwako na una urefu wa mita 2, mwezi wa sita saa sita mchana utatupa kivuli cha kama mita 1 na robo mpaka moja na nusu ndani ya uwanja. Hapo ndo pa kukaa, siyo pa kupanda bamia. Hujaniambia kuta ziko upande gani, toka nje saa sita kesho uangalie mwenyewe, chora mstari mchangani. Kitu kirefu kama papai au mgomba kiweke magharibi, kikukingie lile jua la saa tisa saa kumi ambalo ndo linaua mboga huku kwetu.

Halafu acha sentimita 60 tupu kati ya ukuta wa nyumba na tuta lolote. Udongo wenye maji ukiegemea ukuta unaleta unyevu ndani, na mchwa wanapata ngazi. Ukishaacha hiyo, una nafasi ya matuta mawili ya mita 1.2 kwa 3, katikati njia ya sentimita 60, na bado unabaki na kama mita 2 kwa 4 upande wa mlangoni pa kukaa. Kwa nini 1.2? Kwa sababu mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60 bila kukanyaga, unafikia katikati kutoka kila upande, na udongo usiokanyagwa ndo udongo unaopumua.

Vifusi vyako ndo kuta za matuta, kwa hiyo usimruhusu mtu aje na toroli kuvibeba. Vichambue kwanza, mafungu matatu: vipande vikubwa vya bloku, vipande vya tofali za kuchoma (zile nyekundu), na huo unga na plasta iliyovunjika. Vya bloku ndo kuta. Chimba mfereji wa sentimita 10, laza vile vikubwa kabisa humo, halafu panga juu bila simenti mpaka sentimita 30 au 40, kila safu irudi ndani kidogo kuliko ya chini yake, na kiungo kisikae juu ya kiungo. Nyuma yake jaza vile vidogo uvigonge na nyundo mpaka vikamatane. Kabla ya udongo, tandika magunia ya juti upande wa ndani, yale ya korosho, yaliyotoboka huwa yanatupwa tu. Yanazuia udongo usitoke kwenye nyufa mpaka mizizi ishike kazi, na kufika hapo yenyewe yatakuwa yameoza yamegeuka chakula. Usipandishe ukuta wa namna hii zaidi ya magoti, hasa kama kuna watoto wa kukimbia juu yake. Nyekundu ndo njia yako ya katikati, zilaze juu ya mchanga uso ulionyooka ukiangalia juu, ule unga wa plasta uwe chini yake kama kitanda. Usiuweke unga huo ndani ya tuta, nitakwambia sababu nikifika kwenye udongo.

Pevingi za mbele ya mlango, kama roho inazitaka kweli, tafuta zilizong'olewa mahali. Wenye hoteli na maofisi wanabadilisha kila wakipata bajeti, na zilizotumika zimeshalipiwa hewa ukaa yake na mtu mwingine.

Tuje kwenye sumu, hapa nisikilize vizuri.

Mabati machakavu hayana neno kama ni bati za kawaida za geji, hata zikiwa na kutu. Ila hujasema ni mabati ya aina gani, na kama ni zile shiti za kijivu, nene, zina mawimbi na zikivunjika pembeni zinaonekana kama nyuzinyuzi, hizo ni asbesto. Majengo mengi ya zamani yaliezekwa nazo. Usizivunje, usizikate, usizifagie, vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki na ugonjwa wake unakuja baada ya miaka mingi. Zimwagie maji, zifunike kwa turubai, na muone bwana afya wa kata akwambie zinapelekwa wapi. Bati za kawaida mimi huwa natumia kama ukuta wa nyuma wa sehemu ya mboji, basi. Kuzungushia tuta kwa bati ni kujitafutia vidole kukatwa, na likipata jua letu linachoma mizizi iliyoligusa.

Mlango wa zamani, kama ni mvule au mninga una bahati. Lakini rangi ya miaka hiyo mara nyingi ina risasi, yaani ile madini, kwa hiyo usiupige msasa wala usiuchome kuondoa rangi. Upake rangi mpya juu yake na uufanye benchi au meza. Usiufanye ukingo wa tuta la mchicha.

Mapipa: uliza yalibeba nini. Kama hakuna anayejua, hesabu yalibeba kitu kibaya. Huku kwetu ni mkoa wa korosho, dawa za mikorosho zinapita kila stoo, na chombo cha kiuatilifu hakisafishiki kwa sabuni hata uoshe mara ngapi. Salfa, ile ya kupulizia mikorosho, yenyewe si sumu kali ila mfuko wake haukuambii ulilala na nini stoo. Pipa la mafuta ya kula au juisi sawa. Pipa la oili chafu hapana, na hiyo oili chafu wanayopaka mafundi kwenye nguzo kuzuia mchwa isikaribie chakula. Nguzo yako iinue juu ya jiwe isiguse udongo, mchwa akitaka kupanda atajenga njia yake nje ya jiwe utamwona na kumfagia.

Paleti, zile fremu za mbao za kupakilia mizigo, wengi wananiuliza kwa sababu ya bandari. Tafuta mhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT, ilitibiwa kwa joto, tumia. Ukiona MB, ilipigwa gesi ya bromaidi, iache. Isiyo na mhuri wowote, fanya benchi. Matairi mimi naweka maua tu, na natoboa chini yasishike maji maana mbu wa dengi hahitaji bwawa, kisoda kinamtosha.

Na moja la kwetu kabisa, maganda ya korosho. Nimeona watu wanayatandaza shambani wakidhani ni kama maganda ya karanga. Ganda la korosho lina yale mafuta meusi, wabanguaji wanayajua yanavyounguza vidole, na yakiwa mabichi yanaunguza mche vilevile. Yaache. Maganda ya karanga ruksa, tena omba kwa akina mama wanaobangua, watakushukuru kwa kuyaondoa.

Kuna vitu vingine havina sumu lakini usivichukue. Mawe ya matumbawe kutoka magofu ya Mikindani hata kama yameanguka yenyewe, magofu ya kale yanalindwa na sheria na yakiisha yameisha. Chokaa ya matumbawe mabichi yaliyovunjwa baharini, hiyo inaua makazi ya samaki, na tanuri lake linakula kuni. Nguzo za mikoko zisizo na kibali. Na mchanga wa ufukweni, ambao licha ya kula fukwe zetu una chumvi itakayokausha mboga zako zote. Bustani ya kupunguza madhara ukaijenga kwa mikoko ya wizi, hapo umefanya nini?

Sasa udongo, na hapa ndo nataka ukae, kwa sababu bustani za mjini kwetu zinakufa kwa udongo, kuta huwa hazina kosa. Chukua ndimu moja. Chota mchanga wa kwako kutoka sehemu tatu tofauti, weka kila mmoja kwenye kifuniko cha chupa, ukaushe juani, halafu kamulia matone ya ndimu. Inamisha sikio. Ukisikia inachemka kwa chini kama soda na kuona vipovu, una chembechembe za matumbawe na chokaa ndani, udongo wako ni wa magadi, na utakuja kuona majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani kwa sababu mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma. Ukisikia kimya, una mchanga wa kawaida, ule mwekundu au mweupe wa kutoka bara, ambao shida yake ni njaa tu. Mjini hapa vyote viwili vipo, na kwenye kiwanja kimoja unaweza kuvikuta vyote maana watu wamejaza vifusi vya kila namna.

Kama unachemka, majivu ya jikoni yasiingie kwenye tuta, wala ule unga wa plasta niliokuzuia, wala chokaa. Vyote vinaongeza magadi. Ongeza mboji nyingi, hiyo ndo inayapunguza makali polepole. Kama hauchemki, majivu kiganja kimoja kimoja si mbaya.

Chini kabisa ya tuta weka makumbi ya nazi. Wenzetu wa Kerala kule India wanafanya hivyo kwenye mashamba yao ya minazi mpaka leo. Chukua makumbi yaliyokaa nje yakanyeshewa msimu mzima, siyo mabichi, mabichi yana maji mekundu makali yanayozuia mizizi, na kama huna ya zamani yaloweke yale mabichi wiki kadhaa ukibadilisha maji. Yapange ule upande wa shimo ukiangalia juu kama vikombe, yasogeane yakazane, safu mbili. Maji yanayopita kwenye mchanga yanashikwa humo, na mizizi ikishuka Septemba inayakuta. Tena kumbi linachukua miaka kuoza, kwa hiyo kaboni yake, ile ambayo ikiungua inakuwa hewa ukaa, inabaki ardhini mwako badala ya kwenda moshi.

Juu yake mchanganyiko. Matuta yako mawili yana mita za mraba 7 na kidogo, kwa kina cha sentimita 30 unahitaji kama mita za ujazo 2, yaani matoroli 35 hivi ya lita 60. Usiogope, nusu ni mchanga ambao unao tayari hapo chini ya miguu. Toroli mbili za mchanga, moja ya mboji, nusu ya samadi ya mbuzi iliyokaa, na karai la maganda ya karanga. Samadi ya kuku iache mwezi na zaidi ipoe kwanza, ikiwa mbichi inaunguza. Vumbi la mkaa kutoka kwa muuza mkaa wa mtaa ni dhahabu isiyo na mwenyewe, ila usilimwage kavu, lenyewe likiwa na njaa linanyonya chakula chote kutoka kwenye udongo. Liloweke kwenye maji ya samadi wiki mbili ndo uchanganye.

Mboji huna bado, najua, anza leo. Mita 1 kwa 1 kwa 1 nyuma ya hilo bati, kavu na bichi kwa zamu: majani ya mkorosho, ambayo ni magumu kwa hiyo yakate au uyakanyage kwanza, halafu maganda ya ndizi, ya mihogo, masalio ya mchicha. Msimu wa mabibo utapewa mabibo mpaka uyakimbie, yaweke kiasi na kila safu ya mabibo ifunikwe na safu nene ya makavu, la sivyo una pombe na nzi. Utumbo wa samaki unafaa sana lakini ufukie katikati kabisa kwa kina cha mkono mzima, paka wa Chikongola siwaamini. Mwani uliotupwa na bahari suuza kwanza. Kwa joto la huku ukigeuza kila wiki mbili na kulinda unyevu, miezi miwili mpaka mitatu imeiva.

Maji. Kiangazi, kuanzia Juni upepo wa kusi ukivuma, tuta linapoteza lita 4 mpaka 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa matuta yako ni kama lita 35, ndoo mbili za lita 20 hivi. Ukitandaza matandazo ya nyasi au majani unene wa sentimita 5 utapunguza kabisa hapo, mwagilia alfajiri. Njia ninayoipenda ni mtungi wa udongo, ule usiopakwa rangi, hata uliovunjika mdomo. Ufukie mpaka shingoni katikati ya tuta, jaza maji, funika na kigae. Maji yanatoka yenyewe polepole kupitia kwenye ngozi ya mtungi kadiri udongo unavyokauka, na mizizi inauzunguka.

Pipa moja likiwa salama liweke chini ya gata. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo upande mmoja wa paa wa mita za mraba 30 mvua ya milimita 20 inakupa kama lita 500 ukitoa yanayopotea. Pipa la lita 200 litajaa na kufurika mara nyingi, hayo ya kufurika yaelekeze kwenye shimo la mgomba. Mdomo wa pipa funika na wavu wa dirisha ufungwe kwa mpira. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo nayo yapeleke kwa mgomba na papai, siyo kwenye majani utakayokula, na maji ya sabuni ya unga yaache kabisa.

Mimea sitasema sana, huko nyumbani kwenu mnaijua kuliko mimi. Matembele yafunike ukingo wa tuta, mchicha na nyanya chungu katikati, bamia, kunde. Mbaazi mstari mmoja upande wa kusini wa tuta zisizibe jua la wengine, zinalisha udongo naitrojeni na miti yake ni kuni. Mlonge mmoja uukate kila mara ubaki kimo chako. Mchaichai kwenye pembe. Mkorosho usithubutu, hata kama umepewa mche wa bure, ule unataka mita 12 kwa 12 na wewe una 5 kwa 4.

Nyavu za mzee ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Zisuuze chumvi, zikaushe, uzitundike kutoka kwenye ukuta mpaka nguzo mbili juu ya sehemu ya kukaa, upandishe pesheni au dodoki. Kivuli cha majani kinapoza kuliko cha bati, na nailoni ya nyavu haiozi upesi. Nguzo tumia mnazi, minazi mingi pwani hii imekufa kwa ugonjwa na inaanguka bure. Chagua mbao za sehemu ya chini ya shina na za upande wa nje, huko ndo kuna ugumu, katikati ni sponji. Na kama nilivyosema, juu ya jiwe. Ila zifunge kisawasawa maana tumeshaona vimbunga, Kenneth ya Aprili 2019 ilivyotutisha kabla ya kuishukia Msumbiji, na Hidaya ya Mei 2024 iliwafikia watu wa Kilwa na Lindi. Wavu una faida hapo, upepo unapita. Bati lililofungwa nusunusu linageuka panga.

Kuhusu kuonekana jalala, woga wako ni wa haki na dawa yake ni ndogo. Jalala linaonekana jalala kwa sababu kila kitu kina rangi yake na mstari wake. Funga kamba, kuta za matuta zote zifuate kamba, kimo kimoja. Safu ya juu kabisa, ile jicho linaloiona, iwe ya kitu kimoja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, mfano hizo tofali nyekundu, hata kama chini yake kuna vurugu ya bloku za kila saizi. Benchi, nguzo na pipa zipakwe rangi moja. Chupa za kuzungushia maua, chuma zilizopinda, beseni lililopasuka, toa. Kukusanya kila kinachotupwa ni ugonjwa mwingine.

Na fundi usimfukuze, ana kazi. Simenti ina mahali pake: chini ya pipa likiwa limejaa kuna kilo 200 hapo, na kama siku moja utaweka tanki la lita 1,000 hiyo ni tani nzima, kwa hiyo kitako chake kiwe cha zege. Ngazi ya mlangoni nayo. Mifuko miwili inatosha. Mpe pia kupanga kuta kavu, lakini mkubaliane bei kwa siku, ukimpa kwa mkataba wa jumla atakimbiza na viungo vitakaa juu ya viungo. Anza sasa kabla ya Novemba, mvua ya kwanza ikute makumbi yameshafukiwa, ishuke mpaka chini ijaze vile vikombe kabla hujapanda kitu.

Nijibu mambo mawili ukipata nafasi: ndimu imechemka au imekaa kimya, na hayo mapipa yalibeba nini.